Barza ya Bi Nesi: "Kila mtu anasema mume wangu kapona"

Toleo lililopita, nilipokuwa namjibu yule mama wa Konde kuhusu kizunguzungu, nilidokeza kwa mstari mmoja kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuumia kichwa kwa ajali ya bodaboda. Sikutaraji kitu. Sasa mhariri kaniletea bahasha nene: barua, pamoja na ujumbe wa simu alioninakilia kwa mkono kwa sababu skrini hunichoma macho. Karibu zote ni habari za vichwa vilivyogongwa. Basi mwezi huu vidonda vya tumbo na mba visubiri.

Nijieleze kidogo. Mwaka 2013, huku kwetu Pemba, nilikuwa natoka Chake naenda Wete. Kofia ngumu ilikuwepo, imetundikwa kwenye usukani. Kijana wa bodaboda akaniuliza kama naitaka, nikamwambia itanivuruga mtandio. Muuguzi wa miaka 19 kazini huyo! Njiani ng'ombe akakata barabara. Habari za ng'ombe nimehadithiwa, mimi sizikumbuki. Ninachokumbuka mwisho ni pale kituoni Chake, mama mmoja anaepua maandazi ya hiliki. Harufu ile ndiyo ya mwisho niliyoinusa hadi leo.

Kwa hiyo ninayoyasema hapa mengine nayajua kwa kuyasomea na mengine kwa kuumia. Na ukiona maandishi yangu yamekatika ghafla, ujue adhuhuri imenikuta. Naandika baada ya Alfajiri tu. Mchana kichwa changu hakina kitu.

*

"Assalaam alaykum Bi Nesi. Ni mama wa watoto wanne, naishi Mtambwe. Mume wangu ana miaka 41. Msimu wa karafuu wa miaka mitatu iliyopita tawi lilimvunjikia akaanguka, akalala siku tisa hajitambui. Karatasi aliyotoka nayo hospitali imeandikwa GCS 7/15. Ndugu zake wanasema kapata saba juu ya kumi na tano, yaani nusu ya akili imekwenda. Leo anatembea, anakula, anaswali, anaamkia watu, na kila mtu anasema kapona. Lakini mimi niliye naye ndani simjui. Ananiuliza jambo moja mara nne. Nikimtuma chumvi anarudi na betri, au harudi. Watoto wakicheza anapiga makelele mpaka majirani wanatoka nje. Kabla hajaanza huvuta sikio lake la kushoto. Pesa za karafuu za mwaka jana kampa mtu aliyemwahidi pikipiki. Mbele ya mama yangu mzazi alisema neno ambalo siwezi kuliandika. Chakula changu anasema kama karatasi. Nikimwambia twende hospitali anasema yeye mzima, mgonjwa mimi. Mama mkwe anasema namdekeza. Wengine wanasema mkarafuu ule una wenyewe, yaani majini, na tumeshampeleka akazinguliwa mara mbili. Na mambo ya chumbani yamekwisha. Sasa anataka kupanda tena msimu huu. Je, anajifanya? Atarudi kuwa yule wa zamani? Nimechoka, Bi." — Mama wa Wanne, Mtambwe

Waalaykum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu: mbili kwa sababu imenigusa, na moja kwa sababu nilisahau kama nimeshaisoma.

Tuanze na ile karatasi, maana hiyo ndiyo nyepesi. GCS si mtihani wa akili. Ni kipimo walichokitunga madaktari wawili wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, mwaka 1974, ili muuguzi wa zamu ya usiku na daktari wa asubuhi waelewane wanapomzungumzia mtu aliyepoteza fahamu. Unatazama vitu vitatu: macho yanafumbuka kwa kuitwa au mpaka umfinye, maneno yanatoka au ni miguno, na viungo vinajisogeza vipi. Macho yana alama 4, maneno 5, viungo 6. Mimi na wewe tuna 15. Aliye chini kabisa ana 3, sifuri hapana. Kuanzia 8 kushuka jeraha huhesabiwa kubwa. Saba ya mume wako ni habari ya siku zile alipokuwa amelala, na haisemi leo amebakiwa na akili kiasi gani. Waambie ndugu zake waache kugawanya.

Umewahi kuokota embe lililodondoka kutoka juu, ganda zuri halina hata mkwaruzo, ukalimenya ukakuta upande mmoja nyama imekuwa nyeusi? Ndivyo ilivyo. Ubongo ni kitu laini, kilo moja na ushei, unaelea majini ndani ya fuvu gumu. Mtu akitua chini, fuvu linasimama na ubongo bado unakwenda. Unajipiga mbele, unarudi nyuma, na nyuzi zinazounganisha upande na upande zinavutika mpaka nyingine zinakatika. Panapoumia sana mara nyingi ni mbele, nyuma ya paji la uso, na pembeni usawa wa masikio. Pale mbele ndipo ilipo breki ya ulimi na ya hasira, na ndipo mtu anapopima kama huyu mwenye pikipiki ni mkweli au tapeli. Pembeni ndipo jambo jipya linapowekwa lisipotee. Sasa isome tena barua yako: makelele, neno mbele ya mama yako, pesa, chumvi iliyogeuka betri. Umeniandikia ramani ya ubongo bila kujua.

Anajifanya? Hapana. Na hilo la kusema yeye mzima mgonjwa wewe, usilichukue kuwa ni ubishi. Sehemu iliyotakiwa kumjulisha kuwa ameumia ndiyo iliyoumia. Mimi nilirudi wodini baada ya miezi saba nikiapa kwamba niko sawasawa. Wiki ya pili nikamwandalia mgonjwa mmoja sindano moja mara mbili, nikiwa na uhakika kabisa kuwa ya kwanza sijaichoma. Mwenzangu akanishika mkono. Nikamkasirikia yeye! Ilinichukua siku nzima kuelewa, na siku ile nikaivua sare mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Kwa hiyo usishindane naye kama ni mzima au mgonjwa, hutashinda. Mwambie, "Kichwa chako kinauma jioni, twende kwa daktari akakupe dawa ya kichwa." Mtu huenda kwa lile analolihisi.

Ama mama mkwe, yeye humwona saa moja siku ya Ijumaa, kavaa kanzu yake, kajikaza. Mgeni humpata katika saa yake bora. Mimi nikienda kwa mhariri nusu saa naonekana kama waziri. Nikirudi nyumbani nalala na viatu miguuni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Dawa ya mama mkwe ni moja: mwombe akae kwako siku tatu mfululizo, tangu Alfajiri hadi watoto walale. Usimweleze kitu. Mpikie tu.

Uchovu ndio hasa ninaotaka uushike, maana mengine mengi yanaufuata huo. Huu si uchovu wa jembe, ambao mtu huulala ukaisha. Ubongo huu unafanya kwa nguvu yale ambayo zamani yalikwenda yenyewe: kumsikiliza mtu mmoja huku redio inasema, mtoto analia na kuku yumo jikoni. Vyote vinaingia kwa sauti moja. Asubuhi anaweza, ikifika alasiri debe limejaa, na tone moja la mtoto linamwagika lote. Ndiyo maana makelele yake, kama utaangalia vizuri, yana saa zake. Andika kwa wiki mbili saa anayoanza kuvuta sikio. Nina hakika utaona mstari.

Na hilo sikio, mwanangu, umeokota lulu. Wenzako wengi wanaambiwa watafute dalili ya kwanza na hawaioni. Akigusa tu sikio, usimwambie tulia, wala usimwulize una nini. Zima redio, watume watoto kwa bibi yao wakachukue kitu, na wewe mwenyewe sogea. Dakika kumi. Mfundishe mtoto wako mkubwa naye aione. Lakini siku akikuinulia mkono, hapo hakuna cha ubongo: toka na watoto, nenda kwenu, kisha umweleze sheha wa mtaa na daktari. Kumfahamu mtu hakukulazimishi kupigwa.

Kwa kusahau, usimwachie kumbukumbu, mwachie siku yenye umbo moja. Sisi tuna bahati ambayo wazungu wanainunua kwa saa za kengele: adhana tano. Funga kila jambo kwenye adhana yake. Baada ya Alfajiri uji na dawa, kisha kazi ile moja inayohitaji akili. Baada ya Adhuhuri chakula na kulala nusu saa, si zaidi, asije akakesha usiku. Baada ya Alasiri kazi ya mikono isiyo na hesabu. Barzani aende Alasiri hiyohiyo, wakiwa wawili watatu na dhumna haijapamba moto. Baada ya Isha wakiwa tisa na kila mmoja anasema lake atarudi kwako na kichwa kimepasuka, na wa kulipa ni wewe. Ukimtuma, mtume kitu kimoja, na kiandikwe kwenye kipande cha karatasi ampe mwenye duka. Vitu vikae pahala pamoja kila siku: kofia msumari ule, ufunguo msumari ule, simu bakuli lile. Kwangu mimi hata chumvi na sukari zimefungiwa vitambaa vya rangi mbili tangu siku nilipowapa wageni wa harusi chai ya chumvi. Walikunywa, maskini, kwa adabu.

Akisahau idadi ya rakaa asijitese. Aswali jamaa nyuma ya imamu, na akiwa peke yake sijida ya kusahau ipo kwa ajili ya watu wazima wenye akili zao, sembuse yeye. Mimi huswali ubavuni mwa binti yangu.

Sasa chakula cha karatasi. Hapa nitakaa kidogo, uniwie radhi.

Nyuzi za kunusa ni nyembamba mno. Zinapita kwenye vitundu vidogo vya mfupa juu ya pua kuingia kwenye ubongo. Ubongo ukirushwa mbele na nyuma, mfupa unazikata kama ungo unavyokata tambi. Ulimi peke yake unajua chumvi, sukari, uchungu, ukali wa ndimu na utamu wa supu, basi. Iliki, nazi iliyokolea, samaki wa kupaka, vyote hivyo kumbe ni pua. Kwa wengine kunusa kunarejea, kwa kawaida ndani ya mwaka wa kwanza. Miaka mitatu ni mingi. Simwambii mtu akate tamaa, ila asingoje.

Msimu wa kwanza baada ya ajali yangu nilipita Mtambwe hukohuko kwenu. Karafuu zimeanikwa kwenye majamvi njia nzima, nyekundu za jana na kahawia za juzi, na mimi nimekaa garini nazitazama kama picha ya ukutani. Abiria wenzangu wakasema, "Mashaallah, mwaka huu zinanukia." Nikaitikia, nikageukia dirishani. Watu hawakufanyii tanga kwa kupoteza pua. Lakini Mpemba asiyenusa karafuu, aliyelelewa kwa harufu hiyo tangu siku ya arubaini yake, amepotewa na kitu ambacho hana hata jina la kukililia. Mume wako hasemi mapishi yako mabaya. Anasema hilo, kwa maneno aliyonayo.

Mpe chakula chenye mambo mengine: kachumbari yenye ndimu, pilipili kidogo, kitu cha kutafuna, cha moto penye moto. Na kuna hatari zake. Hanusi moshi, hanusi gesi, hanusi samaki aliyelala. Asiachwe peke yake na jiko. Mimi niliunguza sufuria ya maharage mpaka ikatoboka, nimekaa chumba cha pili nasoma Yasini. Jirani ndiye aliyevunja mlango.

Kuhusu pesa sina maneno laini. Za karafuu zisipite mkononi mwake. Abaki na za kahawa na za nauli, ili awe bado mwanamme mwenye kitu mfukoni barzani, na kubwa azishike kaka yake mnayemwamini pamoja nawe, wawili, si mmoja. Mwambieni sheha na wenye maduka ya karibu kwamba hakopeshwi wala hatii sahihi bila nyinyi. Ni aibu ya wiki moja. Kupoteza msimu mzima ni aibu ya mwaka. Na uliza palepale kituo cha kuuzia karafuu kama kuna fidia kwa walioanguka; ukiambiwa hapana hukupoteza kitu ila hatua.

Mambo ya chumbani umeyaandika kwa mstari mmoja, nami nakushukuru kwa kuyaandika, maana wengi hufa nayo. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama mbaazi, inayoamrisha homoni za mwili mzima. Nayo hutikisika mtu akianguka. Ikilegea, hamu inakwenda, nguvu zinakwenda, hata nywele na uzito hubadilika. Kuna kipimo cha damu cha kuijua na kuna tiba yake. Dawa za kifafa au za usingizi, kama anazo, na huzuni vilevile vinaweza kuua hamu. Kwa hiyo mwambie daktari kwa maneno wazi. Ukiona haya mwandikie kwenye karatasi kama ulivyoniandikia. Lakini nadhani liko jambo la pili ambalo hukuliandika: kumlisha, kumkumbusha, kumsimamia, kisha usiku umwone mume. Hilo halina kipimo cha damu. Hulijui peke yako, na si dhambi.

Kuzinguliwa. Mimi mtoto wa Pemba, siwezi kukuambia tusimsomee mtu. Msomeeni, mnywesheni kombe la maji ya aya, mtu akisomewa moyo wake unatulia na wa kwenu pia. Yanayonifanya niinue sauti ni matatu: kumfukiza mtu ambaye moshi unamuumiza kichwa na hawezi hata kuunusa, ngoma za usiku kucha kwa mtu ambaye usingizi ndiyo dawa yake, na mganga anayesema acha vidonge. Ikiwa mkarafuu ule una wenyewe, basi wenyewe hao wamemvunja mahali palepale ambapo mbio za pikipiki zimewavunja vijana wa Unguja ambao hawajawahi kuuona mkarafuu.

Kupanda tena, hapana. Usinibembeleze. Mizani ya mwili wake, macho yake, na ile breki ya kumwambia tawi hili halinibebi, vyote vimeguswa, na pigo la pili juu ya la kwanza ni baya kuliko mawili mbalimbali. Lakini ukimnyima mti bila kumpa kitu utamzika hai. Mpe chini ya mti. Achambue makonyo, vile vijiti vya karafuu, ahesabu pishi za karafuu pamoja na mtoto, alinde anikio mvua isilikute. Pua hana, ila karafuu iliyokauka huijui kwa pua peke yake: unaikunja kwa vidole nayo inavunjika kwa mlio. Vidole anavyo.

Atarudi kuwa yule wa zamani? Miezi sita ya mwanzo ndiyo inayokwenda mbio, mwaka wa kwanza na wa pili unapanda polepole, na baada ya hapo bado mtu hujifunza, ila kama mtoto wa skuli na si kama aliyeamka usingizini. Yule wa zamani kamili, sidhani. Utakayempata anaweza kuwa mtu wa kukaa naye. Mwombe daktari akupeni rufaa ya hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kwa wataalamu wa ubongo, na kama kuna mtaalamu wa mazoezi na wa afya ya akili karibu nawe, mwone. Ukiandikiwa Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, usilie ukadhani mumeo kahesabiwa mwendawazimu. Hasira na huzuni za jeraha la kichwa hutibiwa na madaktari haohao. Na siku ukiona kichwa kinazidi kuuma, anatapika, analala kupita kiasi, upande mmoja unalegea au anaanguka na kutetemeka, siku hiyohiyo hospitali, si kesho.

Mwisho wewe. Siku moja kwa wiki, dada yake au nani, akae naye tangu asubuhi hadi Alasiri. Wewe toka. Nenda kwa mama yako, nenda pwani, lala. Usiitumie kufulia.

La talaka hukuniuliza, nami sikulijibu.

*

"Nina miaka 22, nasoma ualimu, naishi Fuoni. Miezi minne iliyopita tuligongana vichwa mpirani, nikaona giza kama dakika moja. Picha ya kichwa ikatoka safi. Lakini kichwa kinauma kila siku, kelele za daladala zinaniua, nikisoma ukurasa mmoja maneno yanacheza. Namwona kila mtu ananiona mvivu. Nameza vidonge vya maumivu asubuhi na jioni." — Kijana wa Fuoni

Picha ile inaona damu na mfupa uliovunjika. Nyuzi zilizovutika haizioni. Kwa hiyo "safi" maana yake hakuna cha kupasuliwa, na hiyo ni habari njema; haina maana kwamba unaigiza.

Pigo la namna yako kwa watu wengi huisha ndani ya wiki chache, au miezi mitatu. Wewe umo katika wale wachache waliopitiliza, na kwa hao mara nyingi jeraha lenyewe limebaki dogo ila limeshikwa na mengine: shingo iliyoteguka siku ileile, macho yasiyokubaliana, usingizi mbovu, wasiwasi. Yote hayo yanatibika, kwa hiyo rudi kwa daktari umtajie moja moja. Vidonge vya kila siku ni mojawapo. Ukivimeza siku nyingi za mwezi, kichwa kinaanza kuuma kwa sababu yavyo. Mwambie daktari akuongoze kuviacha.

Kusoma: dakika 15, weka saa, acha kabla maneno hayajaanza kucheza, si baada. Pumzika, kisha tena. Ukifika 15 bila taabu kwa siku kadhaa, ongeza tano. Usijifungie gizani mwezi mzima, hilo lilikuwa fundisho la zamani. Tembea kila siku asubuhi mpaka upate jasho jepesi. Daladala panda ile inayoanzia kituoni, ukae mbele, na kofia yenye ukingo. Chuoni omba barua ya daktari inayotaja muda wa ziada kwenye mtihani. Mpira wa kugombea kwa kichwa usiuguse mpaka uwe huna dalili hata moja.

Mvivu hakai miezi minne akitafuta namna ya kusoma.

*

"Mdogo wangu aligongwa na mlingoti ngalawani mwaka juzi. Sasa anaanguka kifafa, mara ya mwisho tulimtia kijiko mdomoni. Kapewa vidonge, ila Ramadhani iliyopita aliviacha. Anataka kurudi baharini." — Kaka mtu, Kojani

Kijiko kisirudiwe tena. Hamezi ulimi wake. Atavunja jino au atakung'ata wewe. Mlaze ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa, sogeza vitu vya kumwumiza, tazama saa. Ikipita dakika tano, au akirudia kabla hajazinduka, hospitali. Povu halimwambukizi mtu kifafa, mshike bila hofu.

Vidonge visikatwe ghafla hata siku moja, maana kuvikata kwenyewe kunaleta degedege zito kuliko la kwanza. Kabla ya Ramadhani, si ndani yake, amwone daktari: kuna dawa zinazoweza kupangwa futari na daku, na kuna zisizowezekana. Ikiwa haiwezekani, mgonjwa ana ruhusa yake katika Suratul Baqara, na shehe yeyote atakusomea. Kukosa daku na usingizi nako kunaamsha kifafa.

Bahari, mpaka daktari aseme. Nchi kavu kuna mengi kwa mvuvi: nyavu zinashonwa na mtu aliyekaa.

*

"Bi Nesi, mwezi wa tatu na mwezi wa nne umejibu barua ileile moja, ya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Mmeishiwa barua?" — Msomaji, Mkunazini

Hatujaishiwa. Nilijibu mwezi wa tatu, nikasahau kuitia alama kwenye daftari, nikaikuta mezani mwezi uliofuata. Tena nikamwambia mhariri, "Barua nzuri hii, vipi hatujawahi kuijibu?" Naye kijana mwenye adabu, akanyamaza akaichapa.

Nimeyaweka majibu yote mawili ubavu kwa ubavu. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyo na kilima, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Yamelingana. La mwezi wa nne limeandikwa vizuri zaidi. Kata hilo ulibandike jikoni.